Mjeledi wa Kaka Mayunga

Juzi nilikuwa sokoni hapa Mpanda natafuta kamba ya kuanikia nguo, shida ndogo tu ya mtu anayekaa Majengo na ana watoto watatu wasiojua kukwepa matope. Nikapita kwenye kibanda cha vifaa vya kilimo, katikati ya majembe ya plau na minyororo, harufu ikanisimamisha. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa, ikakatwa mikanda, ikasukwa, kisha ikasuguliwa samli mpaka ikalainika. Kama hujawahi kuinusa sina namna ya kukueleza. Ina uchachu wa maziwa na jasho la mnyama kwa pamoja. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliona macho yangu yameganda wapi. Akachomoa mjeledi kwenye msumari.

"Huu ndio wenyewe, dada. Ngoja nikujaribishie usikie unavyolia."

Akarudi nyuma hatua mbili, akaukunjua. Nikamfokea mtoto wa watu mbele ya wateja wake: "Ukithubutu kuupiga huo!" Alibaki mkono uko juu, mdomo wazi. Nikaondoka bila kamba, na mpaka leo naanika nguo kwenye ua wa jirani. Najua aliwaambia wenzake kuna mama mmoja hana akili nzuri, na hajakosea sana. Mimi harusi yenye fataki nakula haraka nikaondoka. Puto haliingii nyumbani kwangu. Watoto wangu wanajua kuwa mlango wetu haubamizwi, wanadhani ni ukali wa mama tu. Lakini nyie wa rika langu, mliokulia shambani nyuma ya mkia wa ng'ombe, mtanielewa nikiwaeleza habari za kaka yangu.

Kwetu ni Kasekese. Baba na mama walifika pale wakiswaga ng'ombe kutoka Usukumani, Mayunga akiwa mtoto wa mgongoni. Mimi, Kabula, nilizaliwa pale pale, kitinda mimba. Kati yangu na Mayunga mama alizika watoto wawili, ndiyo maana tulipishana miaka mingi, na ndiyo maana mama alikuwa hatuangalii bila kutuhesabu. Mmoja, wawili. Basi, roho yake inatulia.

Msimu wa kulima kila mtu alikuwa na nafasi yake. Baba alishika plau. Mimi nilitangulia mbele nimeshika kamba ya ng'ombe, nikiangalia mstari usipinde. Mayunga alitembea ubavuni na mjeledi. Ng'ombe wenyewe walikuwa wawili, Chapakazi na Mzungu, huyo wa pili akiitwa hivyo kwa weupe wake. Mayunga hakuwahi kuwagusa hata siku moja. Aliuzungusha mjeledi juu ya kichwa chake, akauvuta ghafla, na ule mlio ukapasuka hewani, paa! Ng'ombe wakakaza shingo.

"Mjeledi si wa kupiga ng'ombe," aliniambia. "Unapiga hewa. Yeye anasikia tu, anatembea."

"Na hewa haiumii?"

"Hewa ina kidonda wapi, wewe Kabula!"

Jua likifika utosini, tukifungua nira, alipiga mara tatu mfululizo. Hiyo ilikuwa taarifa kwa mama. Kabla sijawa mkubwa wa kushika kamba nilikuwa nashinda nyumbani naye, na nakumbuka vizuri. Mlio wa tatu ukishatua, mama anainuka kwenye kigoda, anajipangusa mikono, anasema, "Wamemaliza." Ndipo anabandika maji ya ugali. Kijiji kizima kilijua ile mitatu ni ya Mayunga. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuifuatanisha vile.

Jeshi lilimchukua kwa miguu yake mwenyewe. Alikimbia mbio zao, akapimwa, jina likatoka. Aliporudi mara ya kwanza na magwanda na buti zinazonuka dawa ya viatu, Mungu wangu! Baba alimpa yule Mzungu jina jipya palepale, akawa Meja. Ng'ombe hakujali cheo, akaendelea kuvutia kushoto kama kawaida yake. Mimi shuleni nilitisha watoto wenzangu kwa jina la kaka mpaka wakanichoka.

Baadaye wakapelekwa nje ya nchi, kulinda amani ya watu wengine. Hata leo naitaja nchi ile kwa shida. Alikaa huko misimu miwili ya mvua. Akapiga simu mara chache, kila mara mzima wa afya, anacheka. Na akatuma hela ya bati. Nyumba yetu ikawa ya kwanza kuezekwa bati kitongojini, mama akawa anakwenda kisimani njia ya mzunguko ili arudi akiitazama kwa mbele. Nyie chekeni tu, lakini furaha ya mama yangu ilikuwa juu ya paa lile.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Mjeledi wa kaka ulikuwa umening'inia ukutani, nikauchukua. Nyuma ya zizi, kila jioni, nikajifunza. Siku za kwanza ulinilamba mwenyewe. Sikio hili la kushoto lina pengo, ndiyo kazi yake. Nilitaka kitu kimoja tu, Mayunga akirudi apokelewe na mitatu yake mwenyewe. Baba alinisikia akacheka. "Huyu mtoto atatulia lini?" Lakini aliupaka mjeledi samli, akaupunguza mkia kidogo uendane na mkono wangu. Naye alikuwa anaingoja siku hiyo, asijifanye.

Alikuja likizo mwanzoni mwa mvua, tukiwa shambani. Tulimwona akishuka njia na begi mgongoni, mwembamba, magoti yametokeza. Baba aliachia plau katikati ya mfuo, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada. Mama, aliyekuja na maji ya kunywa, alipiga vigelegele vikakatika njiani kwa kilio. Wakasalimiana, wakashikana. Kisha Mayunga akainama kumkuna Meja kwenye paji la uso, akimwambia maneno ya Kisukuma ya kumsifia. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Nikasema moyoni, sasa.

Nilipiga mmoja. Ulitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kupiga maishani mwangu.

Wa pili sikuufikia. Sikumwona akigeuka. Nilichojua ni kwamba niko chini, uso kwenye udongo mbichi uliotoka kulimwa, na kaka yuko juu yangu mzima mzima, mikono yake imefunika kichwa changu. "Usinyanyue kichwa," ananiambia sikioni. "Kabula, usinyanyue kichwa. Usinyanyue." Moyo wake ulikuwa unagonga mgongo wangu. Na mimi, mjinga mimi, nilikuwa nacheka. Nilidhani ni mchezo wa kijeshi.

Shamba la pili alikuwepo jirani yetu, baba Sospeter, mtu mwema lakini mdomo hauna mlango. Akapaza sauti: "Ohoo! Mjeshi kaangushwa na mjeledi wa mtoto!" Akacheka mpaka akaegemea jembe. Mayunga akainuka taratibu. Akajipangusa. Akacheka na yeye pia, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, akaitia mifukoni. Ikakaa mifukoni siku nzima. Baba alikuwa anatazama upande wa mlima, kama anahesabu mawingu.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Tulikuwa na mtamba mmoja ambaye radi ilipiga mti karibu naye. Haikumgusa. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anatetemeka ngozi bila inzi, na hakukaa tena na wenzake, na baba alisema radi imemwingia. Mimi nilikuwa mtoto wa wafugaji, elimu yangu ilikuwa hiyo. Nikajua kaka ameingiwa na mjeledi wangu. Kwamba alikuja mzima kutoka huko mbali, akavuka nchi za watu, na ni mimi, pale shambani kwetu, niliyemharibu. Siku hizi nasikia wataalamu redioni wakieleza jinsi vita inavyobaki mwilini mwa mtu, nakubali kwa kichwa. Moyo wangu bado una miaka tisa.

Kesho yake mchana mvua ikatukuta tunakula. Ukikaa chini ya bati mvua kubwa ya Katavi inapoanza hamsikilizani, mnaongea kwa ishara. Mayunga alisimama na sahani yake ya ugali mkononi, akatoka, akakimbilia jiko la nyasi pale uani. Nilimchungulia. Alikaa kati ya watoto wa mbuzi, sahani magotini, hali. Jioni akahamishia mkeka wake huko. "Ndani kuna joto," alisema. Mama alitazama juu, kwenye bati lililomletea heshima kisimani. Hakulitazama tena kwa njia ile.

Siku ya tatu mama alimwambia baba aliwekee nyasi juu.

"Juu ya bati?"

"Juu ya bati. Lipunguze kelele."

Na baba yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, akapanda ngazi na mafungu ya nyasi akaezeka nyumba iliyokwisha ezekwa. Watu wakapita wakasimama, wakauliza kulikoni. Baba akajibu, "Nyasi zinahifadhi bati." Upepo wa kesho yake ulizibeba zote. Akapanda tena. Ukazibeba tena. Mara ya tatu hakupanda, akakaa kwenye ngazi ya chini, mikono juu ya magoti.

Mimi nilifanya ya kwangu. Mjeledi niliutumbukiza chooni, kwenye shimo. Nikajifanya mlinzi wa kelele. Mwiko ukigonga sufuria nanyang'anya. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa, inagongwa na chuma. Nikamfuata kiranja kumwomba aigonge polepole kwa sababu mtu wetu anaumwa. Alinicheka, akaigonga kwa nguvu mara mbili zaidi. Nilimng'ata mkono. Nilichapwa kwa ajili hiyo na sikujali.

Baba alipoutafuta mjeledi aliniuliza. Nikasema sijui. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Basi, tutapiga mluzi." Tukalima msimu ule kwa mluzi. Mayunga alikuja shambani kila siku, akatembea ubavuni mwa ng'ombe kama zamani, mikono mifukoni.

Siku moja alasiri nilimpelekea maziwa mgando kule jikoni. Alitoa mkono kupokea kibuyu, kikatingishika mpaka maziwa yakamwagika kwenye goti lake. Nikakusanya nguvu zangu zote.

"Kaka, mikono imefanya nini?"

"Hii? Baridi tu."

Jua lilikuwa kali, mbwa wamelala chini ya ghala ndimi nje. Nilitaka kumwambia ni mimi, nisamehe, ni mjeledi wangu. Akanichezea lile sikio lenye pengo, akauliza ni nani amelikata, nikasema nilianguka. Nafasi ikapita. Sijapata nyingine.

Likizo ikaisha. Mama aliacha kula. Mimi nilimfuata baba zizini, akikamua, nikasimama nyuma yake kwa sababu kumwambia usoni nisingeweza.

"Baba, kaka asirudi. Mwambie asirudi."

"Unadhani mimi sioni?" Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. "Ng'ombe wangu nikimwona anachechemea, simfungi nira, namwacha apumzike. Mayunga si wa kwangu tena peke yangu, ng'wanone, mwanangu. Ameshakuwa mtu wa serikali. Nimemwambia aseme kwa wakubwa wake kwamba anaumwa. Ananiuliza, baba, niseme naumwa wapi? Na mimi sijui pa kumwonyesha."

Sijawahi kumsikia baba akisema hajui. Nikaona kumbe hata yeye hana la kufanya, na hapo nikaogopa kwelikweli.

Asubuhi ya kuondoka, bodaboda ikiwa imeshafika, Mayunga alikaa kwenye kigoda cha mama kuvaa buti. Buti ziliingia. Kamba zikamshinda. Alijaribu, zikaponyoka, akajaribu, zikaponyoka. Mama akageukia ukutani. Mimi nikapiga magoti nikamfunga, kulia kisha kushoto, mafundo mawili mawili, nikakaza. Ningeweza kuzikata. Ningeweza kuzitupa shimoni kama nilivyotupa mjeledi. Lakini kaka alinisubiri kwa adabu nimalize, akasema "Asante, afande," na nikacheka kwa sababu aliniita afande. Ndiyo maana nawaambia moyo wangu una miaka tisa. Nilimfungia safari kwa mikono yangu mwenyewe na nikacheka.

Mahindi hayajakauka, wakaja watu wawili wenye magwanda wakamuulizia baba. Gari alilokuwamo Mayunga lilikuwa limepinduka barabarani, mbali, mchana kweupe. Basi. Hakuna vita, hakuna adui, hakuna wa kumlaumu. Mimi nilisikiliza nyuma ya mlango nikawaza kitu kimoja tu: kwamba gari likipinduka lazima linapiga kelele.

Walimleta nyumbani kwa heshima zote, siwezi kusema vingine. Bendera juu ya jeneza, buti zimepangwa mstari, nyuso kavu. Kijiji chote kilikuwepo, hata baba Sospeter, ambaye alilia kuliko ndugu, akisema maneno ya kujilaumu ambayo hakuna aliyemuuliza. Kaburi lilichimbwa mwisho wa shamba, pale tulipokuwa tunageuzia plau. Wakamshusha. Udongo ukarudi, ukawa tuta. Kisha nikaona baadhi ya wale askari wanajipanga pembeni, na bunduki mikononi.

Nilijua bunduki inafanya nini. Nikapenya katikati ya miguu ya watu mpaka kwa yule aliyekuwa anawaamuru.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti."

"Mtapiga?"

"Tutapiga. Ni heshima ya kaka yako."

"Naomba msipige. Hapendi mlio. Anashtuka." Nikaona hajaelewa, nikamshika gwanda. "Afande, anashtuka kweli. Hata mvua. Muulize mama."

Akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa mtu mzima kama baba, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Tunapiga hewani tu, mwanangu," alisema. "Hakuna atakayeumia."

Nikakimbilia kwa baba. "Baba, waambie! Wewe waambie!" Baba alinishika bega, na mkono wake ulikuwa hauna uzito wowote. Amri ikatolewa, bunduki zikanyanyuka, na nikajua hakuna mtu mzima hata mmoja pale atakayezuia. Basi nikachomoka. Nikalipandia lile tuta, nikajilaza kifudifudi, nikatandaza mikono kadiri ilivyofika. Ilifika padogo sana.

Watu wakashtuka, mwanamke mmoja akaja kunivuta. Ndipo nikasikia sauti ya baba, ile ya shambani ya kusimamisha ng'ombe.

"Mwacheni."

Wakaniacha. Wakapiga. Udongo ulitikisika chini ya tumbo langu, au ni mimi. Nikaweka mdomo kwenye udongo, pale nilipodhani kuna sikio. Usinyanyue kichwa, kaka. Usinyanyue. Wakapiga tena. Ni hewa tu, kaka. Hewa haina kidonda. Wakapiga mara ya tatu, mlio ukaenda mpaka mlimani ukarudi, kisha pakawa kimya hata watoto hawakulia.

Nilibaki pale nikingoja mwingine. Nikasikia hatua, na harufu ya mama, ya moshi na maziwa. Aliniingiza mikono kwapani akaninyanyua taratibu, akanipangusa udongo mdomoni na ncha ya khanga yake.

"Inuka, Kabula," alisema. "Wamemaliza."